Penalti Irudiwe au Isirudiwe? Sheria ya Kutangulia Mpira

Mechi ya ndondo ikifikia penalti, iwe Kilwa Masoko, Nangurukuru au Lindi mjini, ugomvi mkubwa mara nyingi hauhusu faulo iliyoleta penalti hiyo. Watu hugombania sekunde chache za kabla ya mpira kupigwa: kipa katoka mstarini, mshambuliaji kaingia kwenye kumi na nane mapema, mpigaji kasimama njiani. Walioumia wanataka irudiwe, walionufaika wanasema yamekwisha. Kumbe pande zote mbili huenda zinabishana kwa sheria ya zamani. Kati ya 2019 na 2024 IFAB, bodi inayotunga sheria za soka duniani, iliigusa Sheria ya 14 zaidi ya mara moja. Leo haitoshi mwamuzi kujua nani alisogea. Lazima ajue pia kusogea kule kumebadilisha nini.

Tuanze na mahali pa kusimama. Mpira huwekwa kwenye alama iliyo mita 11 kutoka golini. Mpigaji lazima ajulikane wazi. Kipa hukaa kwenye mstari wa goli, katikati ya milingoti, akimtazama mpigaji, bila kushika mlingoti, mwamba wala nyavu. Wengine wote wanatakiwa kuwa ndani ya uwanja, nje ya kumi na nane, nyuma ya alama ya penalti, na umbali usiopungua mita 9.15 kutoka alama hiyo. Ule upinde uliochorwa mbele ya kumi na nane una kazi hiyo moja tu, kuonyesha mita 9.15 zinaishia wapi. Mwamuzi hupuliza filimbi wakiwa wamekaa sawa, lakini filimbi haimfungulii mtu mlango. Kinachofungua ni mguu wa mpigaji kuugusa mpira. Anayeingia baada ya filimbi na kabla ya teke ametangulia.

Kipa ndiye aliyebadilishiwa masharti mara nyingi kuliko wote. Penalti iliingizwa kwenye sheria mwaka 1891, kutokana na pendekezo la William McCrum wa kijiji cha Milford, Ireland, ambaye mwenyewe alikuwa kipa. Wakati ule kipa aliruhusiwa kusogea mbele hadi yadi 6. Mwaka 1905 akafungiwa kwenye mstari wake, na mwaka 1929 akaambiwa asisogeze miguu kabisa mpaka mpira upigwe. Mwaka 1997 akaruhusiwa kwenda kushoto na kulia juu ya mstari. Tangu 2019 sharti ni kwamba mpira unapopigwa, walau sehemu ya mguu wake mmoja iwe imegusa mstari au iko hewani juu yake. Baadaye ikaongezwa kwamba hata ukiwa nyuma ya mstari ni sawa. Kwa hiyo kipa akipiga hatua moja mbele, mguu mwingine ukabaki mstarini, hana kosa. Miguu yote miwili ikiwa mbele, ametangulia.

Uzito wa sharti hilo ulionekana kwenye Kombe la Dunia la wanawake nchini Ufaransa, Juni 2019. Uskoti ilikuwa ikiongoza mabao 3-0 dhidi ya Argentina, kisha ikafungwa mawili. Dakika za mwisho Argentina ikapata penalti, na kipa Lee Alexander akaicheza. VAR ikaonyesha ametoka mstarini, penalti ikarudiwa, Florencia Bonsegundo akafunga. Matokeo yakawa 3-3 na Uskoti ikaaga mashindano. Hapa kwetu, Agosti 2023 katika uwanja wa Mkwakwani, Tanga, Ally Salim aliipa Simba Ngao ya Jamii kwa kuokoa penalti tatu za Yanga. Kwa makipa wote wawili kipimo kilikuwa kilekile, mguu mmoja.

Kipa akitangulia na mpira ukaingia, goli ni halali. Akiucheza, penalti inarudiwa, naye anaonywa kwa mdomo mara ya kwanza, akirudia anapewa kadi ya njano. Mpira ukitoka nje au ukigonga mlingoti bila yeye kuugusa, penalti hairudiwi ila kama kutangulia kwake kulimvuruga mpigaji waziwazi.

Sasa waliosimama nje ya kumi na nane. Kabla ya Julai 2024, kwa sheria ilivyoandikwa, mchezaji yeyote aliyeingia mapema alitosha kuifanya penalti irudiwe au ifutwe, na waamuzi wengi walifumba macho maana karibu kila penalti ina mtu aliyeingia nusu hatua. Sasa sheria imekubali hali ilivyo uwanjani. Mwenzake mpigaji ana kosa ikiwa kuingia kwake kulimvuruga kipa waziwazi, au ikiwa mpira uliorudi aliuwahi, au akaugombania na mpinzani, kisha akafunga, akajaribu kufunga au akatengeneza nafasi. Beki naye ana kosa ikiwa alimvuruga mpigaji, au ikiwa aliuwahi mpira uliorudi na kumzuia mpinzani asifunge. Aliyeingia mapema akaishia kutazama, mchezo unaendelea.

Hukumu yake ni hivi. Kosa likiwa la upande unaopiga na mpira ukaingia, penalti inarudiwa. Usipoingia, wapinzani wanapata mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Kosa likiwa la upande unaolinda na mpira ukaingia, goli linabaki. Usipoingia, penalti inarudiwa. Wakikosea wa pande zote mbili, inarudiwa.

Mpigaji ana uhuru wa kupunguza mwendo, hata kusimama njiani. Asichoruhusiwa ni kumaliza mbio, kufika kwenye mpira, halafu ajifanye anapiga. Hiyo ni kadi ya njano na mpira wa adhabu kwa wapinzani, hata kama goli limeingia.

Michezo mingine huadhibu kutangulia kwa bei moja. Katika futiboli ya Kanada, ile ya wachezaji 12 kila upande wanaobeba mpira mikononi, wachezaji wa nyuma wa timu yenye mpira huruhusiwa kuanza kukimbia mbele kabla haujaanzishwa, mradi wasiuvuke mstari wake. Walio mstari wa mbele hawaruhusiwi kutikisika, na mabeki hukaa yadi moja mbali na mpira. Anayetangulia huigharimu timu yake yadi 5, basi. Soka imechagua njia ngumu zaidi. Inamwachia mwamuzi apime athari, na ndiyo maana ubishi wetu hauishi haraka.

Uwanja wa Majaliwa kule Ruangwa, Namungo wanapocheza Ligi Kuu, una mistari iliyopimwa na waamuzi wasaidizi waliofundishwa. Penalti ikipigwa, msaidizi husimama pale mstari wa goli unapokutana na wa kumi na nane kumtazama kipa, na mwamuzi wa kati huwatazama wanaoingia. Viwanja vyetu vya mtaani vingi havina hivyo. Chokaa inafutika kabla ya mapumziko, na upinde haukuchorwa toka mwanzo.

Kwa hiyo waandaaji wa mabonanza wa Kilwa na Lindi wafanye mambo matatu. Wapime mita 11 na mita 9.15 kwa kamba, si kwa hatua za mtu mrefu. Wachore upya mstari wa goli na ule upinde wakati wa mapumziko. Na kabla ya mechi mwamuzi awaite makapteni awaeleze sheria ya 2024, ili penalti ikirudiwa, au ikikataliwa kurudiwa, kila mmoja ajue sababu.