Saa ya babu ilivyoumbuliwa na neno moja

KWA miaka mingi nyumbani kwetu kumekuwa na saa ya mezani ambayo sote tuliijua historia yake. Marehemu baba alituambia kuwa babu alipewa na Wajerumani kwa utumishi wake, kabla hawajaondolewa Burundi na Wabelgiji mwaka 1916. Tulisimuliwa hayo tukiwa wakimbizi Ulyankulu, mkoani Tabora, nilikozaliwa na kusomea. Tuliporejea nyumbani mwaka 2008, saa hiyo ilisafiri nasi ikiwa imeviringishwa ndani ya kitenge.

Mwaka jana niliipeleka darasani. Nilikuwa nafundisha utawala wa Kijerumani, nikaona hakuna kielelezo bora kuliko hicho. Msichana mmoja aliigeuza, akayasogelea maandishi madogo yaliyo kwenye bamba la nyuma, kisha akauliza: "Mwalimu, mbona hapa pameandikwa 'Western Germany'? Si ulitufundisha kuwa Ujerumani iligawanyika mwaka 1949?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka.

Ndugu msomaji, huenda nawe unayo saa kuukuu kabatini, na huenda nayo ina hadithi yake. Basi kabla hujaisimulia tena, igeuze.

Desturi ya kuandika jina la nchi kwenye bidhaa ilitokana na ushindani wa biashara. Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa, baada ya malalamiko kuwa vitu vya Kijerumani vilikuwa vikiuzwa kana kwamba ni vya Kiingereza. Marekani nayo, kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1890, iliagiza kuwa kuanzia Machi 1, 1891 bidhaa za nje ziwe na jina la nchi zilikotoka, tena kwa Kiingereza. Ndiyo maana saa iliyotengenezwa Schramberg, mji wa kiwanda cha Junghans kilichoanzishwa mwaka 1861, ikipelekwa kwenye masoko hayo iliandikwa "Germany" na siyo "Deutschland".

Faida kwetu ni kwamba majina ya nchi hubadilika. Saa yenye "West Germany" au "Western Germany" ni ya kati ya mwaka 1949 na 1990, nchi hiyo ilipoungana tena. Yenye "GDR", yaani Ujerumani Mashariki, ni ya kipindi hicho hicho. "Made in Occupied Japan" ni ya miaka ambayo Japani ilikuwa chini ya majeshi ya washindi wa Vita Kuu ya Pili, hali iliyokoma Aprili 1952. "Made in USSR", ambayo utaikuta kwenye saa za Slava, haiwezi kuwa ya kabla ya Urusi ya Kisovieti kuunda Muungano mwaka 1922, na Muungano huo ulivunjika mwaka 1991. "Czechoslovakia" ilizaliwa mwaka 1918, ikagawanyika mwisho wa mwaka 1992.

Zipo alama zisizosaidia sana. "Made in China" iliyo kwenye ile saa ya kengele yenye kuku anayedonoa haikupi mwaka, kwa kuwa jina hilo linatumika hadi leo. Vivyo hivyo "Germany" peke yake yaweza kuwa ya zamani sana au ya juzi.

Tena tuwe waangalifu. Saa isiyo na alama si lazima iwe ya kale. Pengine ilikuwa na karatasi iliyobanduka, au iliuzwa katika nchi yake yenyewe. Fundi naye anaweza kuwa ameingiza mashine ya nchi moja ndani ya sanduku la nchi nyingine, hivyo soma uso, bamba la nyuma na mashine yenyewe. Na saa huweza kukaa dukani miaka kadhaa kabla ya kununuliwa. Alama hukuambia haikutengenezwa kabla ya lini. Haikuambii ilikuwa ya nani.

Hilo la mwisho nilimwuliza mama. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Baba yako aliinunua Tabora mjini kwa fedha za tumbaku, mwaka kaka yako alipoanza darasa la kwanza." Nikamwuliza kwa nini basi alitudanganya. Akajibu: "Watoto walikuwa wakiulizana, kwenu mlikuja na nini. Sisi mwaka 1972 tulikuja na wewe hujazaliwa na kaka yako mgongoni, basi."

Sitaficha kwamba nilipata hofu. Baba huyo huyo ndiye aliyetufundisha kwa mdomo mipaka ya shamba la babu, na kwa maneno hayo tulirudi kulidai. Kama saa haikuwa kweli, na shamba je? Lakini shamba halikutegemea neno la baba peke yake. Miti ya mpaka tuliikuta pale alipoitaja, na jirani mzee asiye ndugu yetu aliitaja mmoja mmoja mbele ya wazee wa kilima kabla sisi hatujafungua mdomo. Saa haikuwa na shahidi kama huyo. Ilikuwa na maandishi, nasi hatukuyasoma.

Nilirudi darasani nikawaeleza wanafunzi yote, na yule msichana nikamshukuru mbele ya wenzake. Saa nayo nimeibandika karatasi nyuma, pembeni mwa yale maandishi ili yasifunikwe: "Ilinunuliwa Tabora na baba, kwa fedha za tumbaku." Kila jioni mama bado huitia ufunguo mwenyewe.