Mtoto anaona: kitabu cha Persepolis na miaka yetu ya mapinduzi

Hapa Bunia wako wazee wengi wenye majina mawili. Katika karatasi za serikali wanaitwa hivi, na kanisani wanaitwa vile. Mmoja wetu tunaoandika habari hizi bado anatunza kadi yake ya ubatizo. Jina Yoane limekatwa kwa wino, na juu yake limeandikwa jina la babu yake. Wakati huo alikuwa na miaka 9. Hakuna mtu mzima aliyemweleza sababu, naye hakuuliza, kwa maana aliona uso wa baba yake.

Tuliikumbuka kadi ile tulipokuwa tukisoma kitabu kutoka nchi ya mbali, kiitwacho Persepolis, cha Marjane Satrapi. Tunapenda kueleza ni kitabu cha namna gani, na kwa nini tunaona kwamba kinayahusu makanisa yetu ya mashariki.

Kitabu cha picha, lakini si cha kuchekesha

Persepolis ni bédé, yaani hadithi iliyochorwa picha baada ya picha. Mwandishi ndiye mchoraji, na maisha anayoyachora ni yake mwenyewe. Picha zake ni wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Kitabu kiliandikwa kwa Kifaransa katika sehemu nne. Ya kwanza ilitoka Ufaransa mwaka 2000, na filamu yake ikafuata mwaka 2007. Hivyo kijana wa sekondari hapa kwetu anaweza kukisoma bila kutafsiriwa.

Marjane alizaliwa Iran mwaka 1969 na kukulia Tehran. Alikuwa na miaka 9 mfalme alipoangushwa mwaka 1979 na viongozi wa dini wakashika serikali. Mwaka uliofuata wasichana wakaamriwa kufunika vichwa shuleni, na wavulana wakatengwa na wasichana. Kisha vita na Iraki vikaanza, vikadumu toka 1980 hadi 1988. Katika kitabu, wavulana wa familia maskini wanapewa ufunguo wa plastiki wenye rangi ya dhahabu, wakiambiwa kwamba wakifa vitani utawafungulia paradiso. Mwaka 1984 wazazi wa Marjane wakampeleka Vienna, peke yake, akiwa na miaka 14.

Kwa msomaji wa kanisa, kurasa zenye uzito zaidi ni zile za mtoto na Mungu. Marjane mdogo anazungumza na Mungu usiku kitandani mwake, na anatamani kuwa nabii. Kisha ndugu ya baba yake, ambaye anampenda sana, anauawa na serikali ile inayotawala kwa jina la Mungu. Usiku huo mtoto anamwambia Mungu aondoke.

Mkristo anaweza kukasirika hapo na kufunga kitabu. Sisi tunasema: asome polepole. Mtoto huyu hakufundishwa na mtu kumkana Mungu. Aliona wakubwa wakitumia jina la Mungu kuua. Wala tusikichukue kitabu hiki kama silaha ya kuwasema majirani wetu Waislamu, kwa maana wengi walioteswa katika Iran ile walikuwa Waislamu wenyewe. Onyo ni kwa kila dini inayokaribia kiti cha utawala, na yetu imo.

Sisi pia tulikuwa na mapinduzi

Chama cha Mobutu, MPR, kilibeba neno mapinduzi katika jina lake. Oktoba 1971 nchi ikaitwa Zaire. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la kigeni alitishiwa kifungo cha miaka 5. Mwaka 1974 Krismasi ikaacha kuwa siku ya mapumziko. Mwisho wa mwaka huohuo serikali ikazichukua shule za makanisa, na mahali pa somo la dini pakawekwa mafundisho ya chama. Waziri mmoja alimtangaza rais kuwa nabii aliyetumwa na Mungu. Asubuhi, mbele ya bendera, watoto waliimba na kumchezea Kiongozi.

Kuna tofauti kubwa na Iran. Kule dini ilishika serikali. Kwetu serikali ilitaka kukaa mahali pa dini. Lakini kwa mtoto matokeo yalifanana. Alijifunza kwamba kuna maneno ya nyumbani na maneno ya shuleni, na kwamba kuyachanganya ni hatari. Wasomaji wa Biblia wanaijua hadithi hii. Katika Danieli sura ya 1, vijana wanne wanapelekwa Babeli, na mara tu wanapofika wanapewa majina mapya. Mtawala anayetaka mioyo ya watoto huanza na majina yao.

Kanisa lilifanya nini? Hapa inatupasa kusema kweli. Tarehe 31 Desemba 1971 sheria ilitambua makanisa matatu tu: Katoliki, Kimbangu, na Kanisa la Kristo, ambamo jumuiya zote za Kiprotestanti zilipaswa kuingia. Chuo Kikuu Huria cha Waprotestanti kilichokuwa Kisangani kilikwisha kuunganishwa na vyuo vya taifa mwaka huohuo. Kardinali Malula alipinga, na mwaka 1972 ikambidi kukaa miezi kadhaa nje ya nchi. Viongozi wengi wa Kiprotestanti walichagua kupatana na serikali. Wengine waliona ndiyo njia ya kulilinda kanisa. Wengine walipenda nafasi waliyopewa. Shule zikarudishwa mikononi mwa makanisa kwa mapatano ya mwaka 1977, nayo majina ya ubatizo yakarudi wazi baada ya mwaka 1990, chama kimoja kilipofikia mwisho. Lakini mtoto aliyekaa kwenye benchi mwaka 1974 aliona nani alisema na nani alinyamaza.

Kwa nini kuchora

Ripoti za sinodi zinahifadhi maamuzi. Haziandiki uso wa baba siku jina la mtoto lilipokatwa. Picha inaweza kuhifadhi uso ule, na hata asiyejua kusoma anaweza kuitazama na kusema, ndiyo, ilikuwa hivyo.

Kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Barly Baruti, mmoja wa wachoraji wakubwa wa bédé katika Afrika, ni mzaliwa wa Kisangani. Naye Michel Chikwanine wa Beni, aliyetekwa na wapiganaji mwaka 1993 akiwa na miaka 5, alisimulia maisha yake katika kitabu cha picha kilichotolewa Kanada mwaka 2015, akisaidiwa na mwandishi Jessica Dee Humphreys na mchoraji Claudia Dávila. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa watoto wa shule.

Wale waliokuwa watoto mwaka 1972 sasa wamevuka miaka 60. Wengine wamelala. Wengine wamekimbia vijiji vyao zaidi ya mara moja, na kadi zao zimeungua pamoja na nyumba. Hatuna muda mrefu.

Kwa hiyo tunatoa shauri dogo kwa vikundi vya vijana. Mwalike mzee mmoja baada ya ibada. Mwulizeni alikuwa na miaka mingapi na aliona nini, si chama kilisema nini. Gaweni karatasi katika visanduku vinne, mchore aliyosimulia, kisha mmrudishie aseme kama ni kweli. Mwisho mwulizeni kama anakubali wengine waione.

Kwa watoto walioko sasa katika kambi za wakimbizi wa ndani, tuwe waangalifu zaidi. Wengi wao wamewaona watu wenye silaha wakitaja jina la Mungu. Mtoto asilazimishwe kuchora jambo linalomwumiza, asichore bila mtu mzima anayemwamini kukaa karibu, na picha yake isipelekwe kwenye simu. Pengine siku moja mtoto atachora kwamba amemwambia Mungu aondoke. Mtu mzima asimkemee wala asiinyang'anye ile karatasi. Akae naye.

Ndugu yetu Yoane amekubali kuanza. Kadi yake itakuwa kisanduku cha kwanza, na katika cha pili anataka uso wa baba yake. Anasema bado anaukumbuka vizuri.