Dashibodi ya Msimamizi katika Usawazishaji wa Barua Pepe na Taarifa za Wateja: Mfano wa Ushirika wa Korosho Lukuledi

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika katika zao la korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/2008, kufuatia Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005. Chini ya mfumo huo, mkulima wa Lukuledi, wilayani Masasi, hukabidhi korosho zake kwa chama cha msingi cha ushirika na hulipwa baada ya mnada. Kati ya mzani na malipo, kumbukumbu zake hupita kwa karani, mwendesha ghala, chama kikuu na benki. Kumbukumbu hizo zisipolingana, malipo yanaweza kukwama.

Chama kinachotumia programu ya kusimamia taarifa za wateja kinaweza kuiunganisha na barua pepe, ili kila barua iingie yenyewe katika jalada la mhusika. Dashibodi ya msimamizi ni ukurasa unaoonesha mwenendo wa kazi hiyo. Kwa kawaida huonesha mambo manne: visanduku vya barua vilivyounganishwa, wakati wa usawazishaji wa mwisho, barua zilizoshindwa kuingia pamoja na sababu zake, na kanuni za kuoanisha barua na majalada.

Kanuni za kuoanisha ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Aghalabu programu hutambua jalada kwa anwani ya barua pepe. Mkulima asiye na anwani hiyo hatambuliwi. Benki ikituma orodha ya malipo ya wakulima mia moja, barua itaingia katika jalada la benki pekee, na dashibodi itaonesha kwamba kazi imekamilika. Hivyo basi, alama ya ukamilifu huthibitisha kwamba barua imenakiliwa. Haithibitishi kwamba taarifa imemfikia anayehusika. Jina nalo halitoshi kuwa kitambulisho, kwani wanachama wawili huweza kuitwa jina lilelile. Namba ya uanachama ni kitambulisho bora zaidi.

Suala lingine ni mwelekeo wa usawazishaji. Mkulima akibadili namba ya simu na karani akairekebisha katika programu, namba ya zamani iliyobaki katika kitabu cha anwani cha barua pepe inaweza kurudi na kuifuta mpya, iwapo pande zote mbili zimeruhusiwa kuandikiana. Kwa hiyo msimamizi hana budi kuamua mapema ni upande upi wenye kauli ya mwisho kwa kila aina ya taarifa.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Mtumishi anapoondoka kazini, kisanduku chake hakina budi kuondolewa katika dashibodi mara moja.

Kwa muhtasari, dashibodi huonesha mahali mashine ilipokwama. Kujua ni mkulima yupi ambaye hajapata haki yake kunabaki kuwa kazi ya msimamizi, kwa kulinganisha orodha ya malipo na daftari la mizani.