Tiananmen na Kreta: Yapi ya Kweli, Yapi Porojo

Loji za Karatu, mlangoni mwa Ngorongoro, sasa zinapokea wageni wengi zaidi wa Kichina kuliko zamani. Mwaka 2024 Tanzania na China ziliuita mwaka wao wa utalii na utamaduni, kuadhimisha miaka 60 ya uhusiano wa kibalozi, na waongoza watalii wetu wamejifunza kusalimia kwa Kichina kama walivyojifunza Kifaransa na Kijerumani. Mezani jioni maswali huenda pande zote mbili. Mgeni anataka kujua kreta ya Ngorongoro inauzidi uwanja wa Tiananmen wa Beijing mara ngapi. Mwenyeji, ambaye pengine ana mtoto anayesoma Beijing au ndugu anayefuata mzigo huko, anauliza kuna nini cha kuona kwenye uwanja mtupu wa saruji na mawe. Majibu huja na porojo nyingi. Haya ndiyo yanayorudiwa zaidi.

"Tiananmen ndio uwanja mkubwa kuliko yote duniani."

Si kweli, ingawa ni mkubwa kweli: hekta 44 hivi. Ndani ya China yenyewe, uwanja wa Xinghai katika mji wa Dalian unauzidi kwa mbali, na eneo la Merdeka jijini Jakarta linauzidi pia. Sakafu ya kreta ya Ngorongoro ina kilomita za mraba kama 260, kwa hiyo Tiananmen ingeingia humo karibu mara 590. Madereva wanaipenda sana hesabu hii, na wageni hucheka. Kisha huongezewa maneno kwamba uwanja ule umepangwa na binadamu ilhali huu wa kwetu umepangwa na Mungu. Nusu ya maneno hayo nayakubali. Volkano kubwa iliporomoka ndani kwa ndani miaka kama milioni 2.5 iliyopita, na hilo halikuhitaji mhandisi. Lakini uwazi tunaouona leo, nyasi zisizo na boma wala ng'ombe, una mikono ya watu ndani yake. Nitalirudia.

"Uwanja wa Tiananmen ni wa kale kama kasri la wafalme."

Lango ndilo la kale. Uwanja ni wa juzi. Lango la Tiananmen lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 15, enzi za ukoo wa Ming, na likajengwa upya mwaka 1651. Mbele yake hapakuwa na uwanja wa umma. Palikuwa na njia ndefu iliyozungushiwa kuta, ofisi za serikali zikiwa huku na huku, na mtu wa kawaida hakuwa na ruhusa ya kukatiza. Kuta zilianza kufunguka baada ya ufalme kuanguka mwanzoni mwa karne ya 20, na kufikia tarehe 4 Mei 1919 wanafunzi waliweza kukusanyika hapo kupinga mkataba wa Versailles.

Upana unaoonekana leo ulikuja baadaye. Lango la kusini, lililoitwa Lango la China, lilibomolewa mwaka 1954. Mnara wa Mashujaa wa Umma, wenye urefu wa karibu mita 38, ulizinduliwa mwaka 1958. Kisha ikaja kazi ya haraka ya kuadhimisha miaka kumi ya Jamhuri: eneo likapanuliwa, na upande wa magharibi likasimamishwa Jumba la Mikutano ya Umma kwa muda wa miezi kumi hivi, likakamilika mwaka 1959. Julius Nyerere alipokwenda Beijing Februari 1965, uwanja huo katika sura yake mpya ulikuwa na umri wa miaka sita hata haijatimia. Kaburi la Mao halikuwepo, maana Mao alikuwa hai. Lilijengwa pale palipokuwa na lile Lango la China, na kufunguliwa mwaka 1977.

"Mao aliitangaza Jamhuri akiwa katikati ya uwanja."

Si kweli. Tarehe 1 Oktoba 1949 alikuwa juu ya lango, umati ukiwa chini yake. Picha yake kubwa inaning'inia kwenye lango hilo hilo, na watu wengi huipiga picha wakidhani wanapiga picha ya uwanja.

"Ngorongoro ni hifadhi ya taifa kama Serengeti."

Si kweli, na kosa hili hufanywa hata na watu wa Arusha. Serengeti iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Ngorongoro ina mamlaka yake, NCAA, na sheria yake tangu 1959, iliyoweka wanyamapori, watu na mifugo katika ardhi moja ya zaidi ya kilomita za mraba 8,000. Hifadhi ya taifa haina wakazi. Ngorongoro ilianzishwa ikiwa nao, na ilianzishwa kwa ajili yao pia.

"Kreta haina watu kwa sababu haijawahi kukaliwa."

Hii ndiyo porojo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayomfurahisha mgeni zaidi, kwa sababu anashuka kreta kwa barabara ya Seneto akijiona ameingia bustani ya siku ya kwanza ya dunia.

Kabla ya Wamaasai waliishi Wadatoga, ambao jamaa zao leo wako Eyasi na Mang'ola, mwendo mfupi kutoka Karatu. Karibu na msitu wa Lerai lipo kaburi ambalo Wadatoga wanalitambua kuwa la mkuu wao. Wamaasai waliwashinda katika karne ya 19 na kuichukua kreta. Mwaka 1892 alipita Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona. Wakati wa utawala wa Wajerumani ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walifuga na kulima humo ndani, mmoja wao akiwa kando ya mto Munge, mpaka Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowaondoa. Masalia ya nyumba bado yapo. Kwa hiyo mahali panapoitwa pori pamewahi kuwa malisho, uwanja wa vita, makaburi na shamba la mlowezi.

Kisha ikaja ile miaka miwili ambayo Beijing ilikuwa inapanua uwanja wake. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye makubaliano ya kuiacha Serengeti, kwa ahadi kwamba Ngorongoro wataishi na mifugo yao. Sheria ikaanza 1959. Mwaka 1974 waliokuwa na maboma ndani ya kreta waliondolewa. Mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku katika eneo lote, kikaruhusiwa tena 1992, kikapigwa marufuku tena baadaye. Kwa muda mrefu wafugaji waliruhusiwa kushusha ng'ombe mchana kufuata maji na chumvi, wapande nao jioni. Ruhusa hiyo nayo ikaondolewa katika miaka ya karibuni. Tangu 2022 serikali imekuwa ikihamishia kaya Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari. Wapo wengi waliobaki wanaosema hiari ya mtu aliyenyimwa huduma si hiari.

Sisemi Beijing na Ngorongoro ni habari moja. Huko zilibomolewa kuta ili umati uingie. Huku waliondolewa watu ili nyasi zibaki. Lakini mgeni wa Kichina anayeambiwa "kwenu mmejenga uwanja, sisi tumepewa" ana haki ya kujua kwamba kote kuwili tarehe zinajulikana, na amri zilikuwa na saini.

"Wanyama wamefungwa ndani ya kreta, hawawezi kupanda."

Si kweli. Kuta zina urefu wa mita 600 hivi, lakini zina njia, na nyumbu, pundamilia na tembo huzipanda na kushuka. Simba ndio wenye kisa. Mwaka 1962, mvua zilipopita kiasi, nzi wanaofyonza damu walizaliana kwa wingi na kuwaumiza simba hata wakabaki kama kumi. Madume kadhaa waliingia kutoka nje, kisha kwa miaka mingi simba wenyeji wakawa wanawafukuza simba wageni, na simba wa kreta wakawa ndugu wa damu kupita inavyofaa. Kuta hazikuwazuia, walizuiana wao kwa wao.

Na twiga? Hiyo ni kweli. Utamwona kwenye miteremko ya nje unapoelekea Serengeti, ila chini kwenye sakafu hayupo. Sababu inayotajwa zaidi ni mteremko mkali na uhaba wa miti anayoila. Ukimwona dereva anawaahidi wageni twiga ndani ya kreta, jua ni siku yake ya kwanza kazini.

"Tiananmen ni bure, unajiendea tu."

Bure ni kweli. Kujiendea si kweli. Tangu mwishoni mwa 2021 lazima uweke nafasi mapema kwa simu au intaneti, na utaingia kwa pasipoti halisi, si nakala. Mizigo hupitishwa kwenye mashine. Kiberiti utaacha. Ndani hakuna mabenchi wala kivuli cha maana, na wakati wa joto la Julai mtu aliyezoea hewa ya Karatu atateseka. Anayetaka kuona bendera ikipandishwa hufika kabla ya alfajiri, kwa kuwa tendo lenyewe linafuata jua: dakika mbili na sekunde chache, wimbo wa taifa, kisha maelfu ya watu wanatawanyika. Kaburi la Mao hufungwa Jumatatu, nalo lina foleni yake.

Linganisha na huku. Lango la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, lina malipo, kushuka kreta kuna malipo yake juu ya hayo, gari linatakiwa liwe limetoka chini saa kumi na mbili jioni, na miguu yako haigusi nyasi isipokuwa kwenye sehemu chache zilizotengwa. Ngoitokitok ni mojawapo. Hapo chakula cha mchana kilieni ndani ya gari, maana mwewe wa pale ni wezi waliobobea. Hawasubiri ugeuke, wanachukua paja la kuku mkononi. Anayetaka kutembea kwa miguu aende Olmoti au Empakaai akiwa na askari.

"Mtanzania wa kawaida hana nafasi kreta."

Nusu kweli. Kiingilio cha raia ni kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni. Kinachomshinda ni gari. Land Cruiser ya kukodi kwa siku, mafuta, na ada ya gari kushuka vinazidi mshahara wa watu wengi, ndiyo maana ninawajua watu wazima wa Karatu wanaoiona kreta kwenye kalenda tu. Wakijikusanya watu wengi kwenye gari moja hesabu inakaribia. Vikundi vya shule na makanisa hufanya hivyo kila mwaka.

"Uwanja wa umma ni mahali pa umma kusema lake."

Inategemea umma huo unataka kusema nini. Mwaka 1989 wanafunzi na wafanyakazi waliikalia Tiananmen tangu Aprili, na usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Juni jeshi likaingia Beijing na kuwafyatulia watu risasi, wengi wao wakiwa kwenye barabara zinazoelekea uwanjani. Idadi ya waliokufa haijawahi kukubaliwa na pande zote. Pale uwanjani hakuna kibao kinacholitaja tukio hilo, na mwongoza watalii wa Beijing hatalitaja. Usimlazimishe, utamtia matatani.

Ngorongoro haina uwanja wa namna hiyo. Agosti 2024, maelfu ya Wamaasai walipotaka kusikika, walikusanyika kando ya barabara ya kwenda Serengeti, magari ya watalii yakiwa yamesimama mbele yao. Walichagua mahali pekee ambapo dunia ingewaona.

"Karatu ni mahali pa kujaza mafuta na kutoa pesa kwenye mashine."

Si kweli, na hili nalisema kwa upendeleo. Kila tarehe 7 na 25 ya mwezi kuna mnada. Hakuna aliyeuchora, hauna mnara, kiwanja chake ni vumbi kiangazi na tope masika. Wairaqw wanaleta nafaka na mifugo, Wadatoga na Wamaasai wanaleta mbuzi na ng'ombe, vitunguu vinapanda kutoka Mang'ola. Mitumba inamwagwa chini, shuka zinatundikwa kambani, katambuga zinakatwa kutoka kwenye tairi mbele ya macho yako. Moshi wa nyama unaanza mapema. Ni mahali pa kupatana bei, kutafuta mchumba, kudai deni na kusikia nani kafiwa.

Mgeni, wa Kichina au wa Dar, anakaribishwa, na hapo haulizwi pasipoti. Ila uende na mwenyeji. Picha omba kwanza, hasa kwa kina mama na wazee wa Kidatoga, na ukitajiwa pesa kabla ya kupiga, ama lipa ama funga kamera ule nyama.