Eosinofili zikizidi, atafutwe kwanza anayezituma

Paka tone la damu kwenye kioo, litie rangi, lichungulie kwa hadubini. Eosinofili hazijifichi: seli nyeupe zilizosheheni chembe za rangi ya chungwa, kama punje za ulezi ndani ya kifuko. Paul Ehrlich ndiye aliyezitambulisha mwaka 1879, kwa jinsi zinavyoinywa rangi ya eosini. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa chini ya 500 katika mikrolita moja ya damu. Zikivuka 1,500, zikang'ang'ania hapo na kuanza kujeruhi viungo bila chanzo kingine kuonekana, daktari hufikiria ugonjwa adimu wa hipereosinofilia.

Sumu iliyomo katika chembe hizo ni ya kuulia minyoo. Ikimwagika moyoni huacha makovu na mabonge ya damu, na bonge likichomoka likafika ubongoni, ni kiharusi. Kwa hiyo moyo upimwe hata kama mgonjwa halalamiki kifua.

Dawa ya kwanza ni prednisoloni, na mara nyingi hesabu hushuka ndani ya siku chache. Lakini kwetu Afrika Mashariki eosinofili nyingi kwa kawaida huletwa na minyoo na kichocho. Prednisoloni ikimkuta mtu mwenye minyoo ya strongiloidi, minyoo hiyo huzaliana bila kizuizi na inaweza kumuua. Ndiyo maana ivermektini, dawa ya minyoo, hutangulia. (Aliyeishi kwenye misitu ya Kongo apimwe kwanza minyoo ya loa loa, maana akiwa nayo kwa wingi, ivermektini inaweza kumdhuru ubongo.)

Prednisoloni ya miaka mingi hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Ili ipunguzwe, ipo mepolizumabu, sindano ya kila wiki 4 inayonasa interleukini-5, ujumbe unaouamuru uboho uzalishe eosinofili. Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2020. Bei yake ni kubwa mno.

Linalonigusa zaidi ni ugunduzi wa 2003. Kwa baadhi ya wagonjwa, karibu wote wanaume, kipande cha kromosomu ya 4 hukatika, na jeni mbili, FIP1L1 na PDGFRA, zikaungana kuwa swichi isiyozimika. Imatinibi, kidonge cha saratani ya damu, huizima. Mwenye saratani hiyo humeza miligramu 400 kwa siku. Hawa wengi wao hutoshwa na 100. Basi mwanamume mwenye bandama iliyovimba na vitamini B12 iliyopanda, ambaye prednisoloni haimfai kitu, asiwe wa kuongezewa dozi kila mwezi. Damu yake ipelekwe ikatafutwe jeni hiyo iliyoungana.