Je, Wajua? Mbuni Si Ndege Tu

Huko Subukia na Solai, Kaunti ya Nakuru, mkulima akikwambia ana gunia la mbuni, usitafute manyoya. Ni kahawa iliyoanikwa juani na maganda yake, bila kumenywa na kuoshwa kiwandani. Bei yake kwa kawaida ni ya chini. Asili ya neno hilo ni Kiarabu, bunn, na Waethiopia nao huiita kahawa buna. Mbuni mwenye manyoya, ndege mkubwa kuliko wote duniani, hahusiani nayo kabisa: haruki, ila mbio zake hufika kilomita 70 kwa saa. Yupo pia mbuni wa mavazi au nembo, na mti wa kahawa nao huitwa mbuni. Ukitaka kuwatenganisha, tumia wingi: mibuni ni miti ya kahawa, wabuni ni watu, na ndege hubaki mbuni, hata wakiwa mia.