Jina lako na CRB: Mkristo arekebisheje alama zake za mikopo?

Kila tunapogusia madeni hewani, simu huingia kwa wingi kuliko tunavyoweza kupokea. Swali kubwa huwa moja: nitatoaje jina langu CRB? Wengine huongeza kwamba wameliombea deni lao muda mrefu, lakini bado kila wakienda benki wanakataliwa. Tumeona ni vyema tulijibu hapa kwa utaratibu, tukitazama sheria ya Kenya na pia Maandiko.

CRB ni nini hasa?

CRB si polisi, wala si orodha ya wakora. Ni kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya kutunza kumbukumbu za mikopo, nazo ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Aliyekopa akalipa vizuri ana faili humo, na aliyekopa akanyamaza pia anayo. Kwa hivyo kusema "niko CRB" si habari mbaya. La muhimu ni faili yako inasema nini.

Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa mkopo mbaya. Kabla ya kupeleka taarifa mbaya kukuhusu, mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30. Tangu 2020, deni la chini ya shilingi 1,000 halipaswi kukuharibia jina.

Kutokana na faili hiyo hutolewa alama. Metropol, kwa mfano, hutoa alama kati ya 200 na 900. Kinachopandisha alama ni kulipa kwa wakati, tena kwa muda mrefu. Kinachozishusha ni kuchelewa, kuwa na madeni mengi kwa pamoja, na kuomba mikopo huku na kule kila wiki.

Maandiko yanasema nini?

Biblia haisemi kukopa ni dhambi. Mithali 22:7 inatuonya tu kwamba anayekopa huwa mtumwa wa aliyemkopesha. Lakini Zaburi 37:21 haina huruma kwa anayekopa bila kulipa: inamweka kundi moja na waovu. Na Mithali 22:1 inaliweka jina jema juu ya mali nyingi.

Hapa tuseme wazi: alama za CRB hazipimi wokovu wa mtu. Kuna waliofutwa kazi, kuna waliouguza mzazi hadi akiba ikaisha. Asiyeweza kulipa si sawa na asiyetaka. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa alama hizo zinapima jambo ambalo Mkristo hawezi kulipuuza: je, ulisema utalipa, na je, ulilipa?

Wanaosubiri deni lifutike kwa maombi peke yake wasome tena 2 Wafalme sura ya 4. Mjane alimlilia Elisha kwa sababu mdai alikuja kuchukua wanawe wawili wawe watumwa. Mungu alitenda muujiza, mafuta yakajaa vyombo. Lakini nabii hakumwambia deni limekwisha. Alimwagiza auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Muujiza ulimpa njia ya kulipa, na kulipa kukabaki kazi yake.

Hatua za kuchukua

*Kwanza, pata ripoti yako.* Kila mtu ana haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka. Isome mstari kwa mstari. Ukikuta deni ambalo si lako, au ulilokwisha kulipa, lalamika kwa maandishi kwa CRB husika. Inalazimika kuchunguza na kurekebisha kosa.

*Pili, andika madeni yote, kisha mwonyeshe mwenzi wako.* Tunajua hapa ndipo pagumu. Wengi wanaotupigia simu hunong'ona kwa sababu mume au mke hajui. Lakini deni lililofichwa hulipwa kwa pesa za kufichwa, nazo huwa hazitoshi.

*Tatu, mtafute mkopeshaji kabla hajakutafuta.* Mweleze hali yako, omba muda zaidi au kiasi kidogo kila mwezi, na mkubaliane kwa maandishi. Ahidi tu kile unachokiweza. Kristo alifundisha katika Mathayo 5:37 kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo.

*Nne, acha kukopa hapa ili kuziba pale.* Chukua mfano wa M-Shwari, inayotoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukikopa shilingi 5,000, ada ni shilingi 375. Inaonekana kidogo. Rudia mkopo huohuo kila mwezi kwa mwaka, na utakuwa umelipa shilingi 4,500 za ada, karibu sawa na mkopo wenyewe.

*Tano, ukimaliza kulipa, fuatilia.* Omba barua ya kuthibitisha umelipa, kisha hakikisha ripoti imebadilishwa. Elewa pia kwamba historia ya kuchelewa hubaki kwenye faili hadi miaka mitano baada ya kulipa, ila sasa inaonyesha deni limelipwa. Kwa hiyo anayekuambia umtumie pesa "akusafishie jina" leo jioni ni tapeli.

*Sita, jenga upya taratibu.* Weka akiba kwenye Sacco au chama, kopa kidogo kwa jambo la maana, ulipe kabla ya siku kufika. Alama hupanda mwezi kwa mwezi.

Udhamini na harambee

Mambo mawili huwaponza waumini wengi. La kwanza ni kumdhamini ndugu wa kanisani kwa sababu tu tunaimba kwaya moja. Mkopaji akishindwa, Sacco hugeukia akiba ya mdhamini. Mithali inaonya juu ya hilo zaidi ya mara moja. Kabla ya kutia sahihi jiulize: asipolipa, je, niko tayari kulipa mimi? Kama hapana, mkatalie kwa upole. Ni afadhali aibu ya dakika tano kuliko kesi ya miaka.

La pili ni kukopa kwa simu ili kutimiza ahadi ya harambee. Kuhusu fungu la kumi wakati una deni, wachungaji hawana jibu moja, na tunakushauri uzungumze na wako. Lakini pesa ya mkopo uliyoitoa ukishangiliwa Jumapili ni pesa ya mtu mwingine, na Jumatatu ataitaka.

Zakayo wa Luka 19 hakuishia kusema ametubu. Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliowanyang'anya atawarudishia mara nne. Nawe anza na hesabu yako. Wiki hii omba ripoti, chagua deni moja, na umpigie simu unayemkwepa.